Kibodi ya Marehemu Jamaldin

Herufi n ilijiandika yenyewe asubuhi, Mwongera akiwa ameshika kikombe cha chai kwa mikono yote miwili.

Aliitazama kwenye skrini, n moja ndogo, kisha ya pili ikaifuata, kisha safu nzima ikakimbia hadi ukingoni kama siafu. Akaweka kikombe chini, akachomoa waya. Alitukana kwa Kimeru, kwa sauti ya chini, kwa sababu mlangoni alikuwepo mteja aliyekuja kuchukua redio yake.

Mwongera alikuwa fundi wa vitu vya umeme pale Kianjai. Alifanyia kazi katika chumba cha mbele cha nyumba yake, kinachotazama soko, na watu walimletea chochote kilichokataa kuwaka. Hakuwa mtu wa kushindwa upesi. Lakini kibodi hii ilikuwa imemchosha tangu siku aliyoifungua, na sasa alipodhani amemaliza ndipo ilipoanza vituko.

Alikuwa anaitengeneza kwa ajili ya mkewe. Kiende alipata riziki yake kwa kupiga chapa: watafiti walimtumia mahojiano yaliyorekodiwa, naye akayaandika neno kwa neno na kuwarudishia. Vidole vyake vilijua kazi hiyo kiasi kwamba hakuwa anaviangalia. Halafu viungo vya vidole vikaanza kuvimba. Daktari mjini Meru alisema ni ugonjwa wa viungo, kwamba dawa ingepunguza maumivu lakini isingeyamaliza. Kibodi za siku hizi, bapa kama chapati, zilimtesa, kwa sababu kila kidole kiligonga chini pagumu. Alikuwa akizikumbuka zile za zamani alizojifunzia chuoni, zenye vibonye virefu vinavyozama polepole.

Basi Mwongera akawaza kumtengenezea moja: umbo la zamani, na ndani swichi mpya za kisasa, laini, ambazo mkewe angezigusa tu na herufi ikatokea.

Umbo hilo alilipata kwa Rahema, mjane wa Majengo, mjini Meru. Marehemu mumewe, Jamaldin, alikuwa na ofisi ya kusafirisha mizigo, na kibodi yake ilikuwa ya miaka ile kompyuta zilipoanza kuonekana Meru, nzito kama tofali, vibonye vimegeuka rangi ya maziwa yaliyochachuka. Rahema alikuwa anaifunga ofisi. Alimwambia aichukue, na akaongeza, kama mtu anayemkumbuka mumewe kwa mapenzi, kwamba marehemu hakumruhusu mtu yeyote kuipangusa vumbi, na kila Ijumaa aliifukizia udi. Mwongera alicheka kwa adabu. Wazee wengi aliowajua walikuwa na mambo yao.

Alipoifungua alikuta uozo. Sponji zilizokuwa chini ya vibonye zilikuwa zimegeuka unga, springi zimeliwa na kutu. Aling'oa kila kitu, akabaki na kasha la nje na vichwa vya vibonye. Takataka ile alikwenda nayo nyuma ya nyumba akaichoma pamoja na magunzi ya mahindi. Moshi wake ulinuka udi, mzito, na Kiende akatoka jikoni akiuliza ni nani amewatembelea. Mwongera alimwambia ni ile miaka yote ya kufukizwa.

Kisha kazi yenyewe ikaanza. Bati la kushikilia swichi alilikata mwenyewe, na mashimo yakatoka yamepinda, akalikata upya. Vichwa vya zamani havikuingia kwenye swichi mpya, ikabidi achonge vipande vidogo vya plastiki vya kuviunganisha, kimoja kimoja, na nusu yake vilipasuka mkononi. Kibonye kirefu cha nafasi kilikwama upande mmoja. Alilehemu waya mpaka macho yakamtoka machozi, na alipowasha kompyuta asubuhi ile, alichopewa kwa jasho hilo lote kilikuwa ni n.

Kuna kosa ambalo mafundi wa kibodi hulijua. Ukibonyeza vibonye kadhaa kwa pamoja, umeme unaweza kupotea njia, na herufi ambayo hakuna aliyeigusa ikatokea. Wenyewe huliita mzimu. Dawa yake ni kuweka dayodi kwenye kila swichi ili umeme upite upande mmoja tu. Mwongera alikuwa ameziweka. Alimweleza Kiende hivyo, akitabasamu bila furaha, kwamba ni mzimu tu, kuna dayodi mahali imeingia kinyume.

Aliibadilisha dayodi ya n. Akabadilisha swichi yake pia. Ikatulia, akashukuru, akala chakula cha mchana kwa amani. Alasiri y ikaanza kujiandika.

Aliitengeneza y. Siku iliyofuata ikawa u. Aliitengeneza u, akiwa sasa anafanya kazi kwa meno yaliyokazwa, redio na simu za wateja zimerundikana kando. Ikaja m. Aliipima kila waya kwa mita, waya zote zilikuwa nzima. Alinunua chipu nyingine akaitupa ya kwanza. Ikaja b. Binti yao Maxine, aliyekuwa darasa la pili, alijifunza kupita chumba cha mbele kimyakimya akitoka shuleni, kwa sababu baba alikuwa anamfokea kila mtu aliyegusa meza.

Ilipoanza a, Mwongera aliisukuma kibodi mbali akainamisha kichwa. Kiende alikuwa amesimama nyuma yake, mikono ameifunga ndani ya leso yenye maji ya moto kama alivyozoea kufanya ili kutuliza maumivu.

"Baba Maxine," alisema, "ilianza na gani?"

"N. Halafu y. U. M. B." Alihesabu kwa hasira, bila kumtazama. "Na sasa hii a."

Vidole vya Kiende vilicheza kidogo ndani ya leso, vikizifuata herufi zile.

"Nyumba," alisema.

"Nini?"

"Imeandika nyumba."

Mwongera aligeuka. Alikuwa amechoka mno hata kuogopa. "Mama Maxine, mimi nimekosa usingizi juu ya hii kitu. Usiniongezee ingine."

Aliichomeka tena waya ili amwonyeshe kwamba ni upuuzi. Skrini ilikaa tupu. Walisubiri. Hakuna herufi iliyotokea, wala siku ile wala iliyofuata. Kibodi ilikuwa imepona bila yeye kuirekebisha, na jambo hilo lilimkera Mwongera kuliko ubovu wenyewe, kwa sababu fundi anataka kujua ni wapi amepatia.

Lakini Kiende alikaa mbele yake akaanza kazi, na Mwongera akasahau kero. Swichi zilitoa mlio mdogo, laini, kama mvua ya kwanza juu ya majani ya ndizi. Kiende aliandika asubuhi nzima. Alipoinuka alikunja vidole na kuvikunjua, mara nyingi, mbele ya uso wake, akashangaa.

"Haviumi," alisema.

Uvimbe ulipungua wiki hiyohiyo. Alianza kukamua ng'ombe mwenyewe, kazi aliyokuwa amemwachia jirani. Alisokota nywele za Maxine, alichambua maharagwe ya njahi, alifua. Kazi za watafiti alizimaliza kwa nusu ya muda. Nyumbani kukawa na vicheko, na Mwongera akawa anawaonyesha watu kibodi ile kama mtu anayeonyesha ng'ombe aliyeshinda maonyesho.

Dalili ya kwanza Mwongera aliiona wakati wa kuombea chakula. Walikuwa wamefumba macho, Kiende anaomba, na Mwongera akasikia mgongano mwepesi juu ya meza. Alifumbua macho. Mikono ya mkewe ilikuwa inapiga chapa kwenye ubao mtupu, upesi, vidole vyote, wakati mdomo wake ukimshukuru Mungu kwa githeri. Sala ilipoisha mikono ikaacha.

Alidhani ni mazoea. Hata yeye akilala huota analehemu. Lakini alianza kusikiliza, na alipoanza kusikiliza akaisikia kila mahali: kwenye ukingo wa karai, kwenye mtungi wa maji, kwenye mwimo wa mlango mkewe alipoegemea akizungumza na jirani. Na palipokuwa na mlio ule, palikuwa na udi. Si mwingi. Kiasi cha mtu aliyepita na nguo zilizofukizwa.

Alimuuliza. Kiende alisema ni vidole tu vimezoea. Alipomuuliza mara ya pili, jikoni, Kiende aliufunga mlango ili mtoto asisikie, na Mwongera akajua hapo kwamba mkewe amekuwa akijua muda mrefu.

Alimweleza kwa mnong'ono. Yeye ni mpiga chapa. Kidole chake kikisogea hakitazami, lakini anajua kimeandika herufi gani. Basi mikono ilipocheza juu ya meza alikuwa anaisoma. Ilikuwa inasema. Sina nyumba, ilikuwa inasema. Nyumba yangu iko wapi. Mara nyingine iliyaweka maneno hayo ndani ya kazi zake, katikati ya mahojiano ya wakulima wa mtama, na mtafiti mmoja alikuwa amemrudishia faili akiuliza ni mkulima gani huyo asiye na nyumba. Alikuwa anayafuta kabla ya kutuma. Mara moja alisahau.

"Na ulikaa kimya," Mwongera alisema.

"Nilikaa."

"Hiyo kibodi naitupa leo."

Kiende alishika mkono wake. Kushika kwenyewe kulikuwa na nguvu ambayo Mwongera alikuwa ameisahau.

"Leo asubuhi nimefunga vifungo vya sweta ya Maxine," alisema. "Vyote, mpaka cha shingoni. Unajua ni tangu lini sijaweza? Iache iseme. Haiumi mtu."

Mwongera alirudi kwenye meza yake, akafungua televisheni ya mtu, akaifunga bila kuitengeneza. Alikuwa ameshindwa na kitu alichokijenga kwa mikono yake, na aliyemzuia kukibomoa ni yule aliyemjengea.

Siku chache zilipita hivyo. Kisha ikaja Jumamosi moja alasiri, jua limewaka, soko linapiga kelele ng'ambo ya barabara. Kiende alikuwa kwenye kiti barazani, Maxine amekaa chini kati ya magoti yake, anasokotwa nywele. Mwongera alikuwa ndani karibu na dirisha.

Alimsikia mtoto akisema, "Mama, unavuta." Kiende akamwambia pole. Mtoto akasema tena, na safari hii Kiende hakujibu, na kimya kile ndicho kilichomfanya Mwongera ainue macho, akaona uso wa mkewe umekauka kama mtu anayesikiliza habari ya msiba kwenye simu, na mikono imeacha nywele na kuanza kugonga juu ya kichwa cha mtoto, kwa upole kwanza, halafu upesi, halafu ikashuka kisogoni, ikashuka shingoni, vidole vyote vikapita mbele na kukutana kooni na kuendelea kuandika hapo, vikibonyeza, vikizama, na kila kidole kilichozama kilikaa chini kidogo zaidi kuliko kile kilichotangulia, na Maxine amefungua mdomo lakini sauti haitoki, na Kiende anamtazama mumewe dirishani, machozi yanamtiririka, anatikisa kichwa, anatikisa kichwa, na udi umejaa barazani hata mwanamke aliyekuwa akiuza viazi barabarani akageuka kutafuta unakotoka.

Mwongera hakukumbuka baadaye alipitaje mlangoni. Aliibandua ile mikono kama mtu anavyobandua kupe, kidole kimoja kimoja, na ilipotoka kwa mtoto ikageuka ikaendelea kuandika kifuani pake. Maxine alikohoa, akalia, akakimbilia kwa jirani.

"Inasema nini?" Mwongera aliuliza.

Kiende alivitazama vidole vyake kifuani pa mumewe. "Inasema hapa pana joto."

Kisha akasema, "Nipeleke mahali. Popote."

Wazee wa kanisa lao walikuja Jumapili wakamwombea. Walipoomba mikono ilitulia, na walipokunywa chai ikaanza tena juu ya sahani. Kiende alimwomba Mwongera amfunge viganja kwa leso. Maxine alikuwa analala kwa jirani. Mwongera aliichukua ile kibodi, akazing'oa swichi zake zote, akalivunja bati kwa nyundo. Haikusaidia kitu, alijua haingesaidia, ila alihitaji kuvunja kitu. Jumatatu alfajiri alikwenda Meru kwa Rahema.

Rahema alimkaribisha, akampa chai, na alipomaliza kumsikiliza akajifunika uso kwa mtandio. Alimweleza kwamba mumewe alilirithi jini kwa babu yake, mmoja wa wale waliofika Meru na misafara ya zamani. Halikuwa jini la shari. Lilikuwa jini la kutaka kusemeshwa, na lisiposemeshwa hukaa kwenye mikono ya watu wa nyumbani. Jamaldin, ili liwaache wanawe, alilipa makazi ndani ya kibodi ya ofisini, na kila jioni alifunga mlango akakaa nalo, yeye akiandika mstari na lenyewe likijibu. Rahema alikuwa akidhani anafanya hesabu za mizigo. Aliambiwa tu mume alipokuwa anaugua, naye akadhani limekwenda naye kaburini.

"Ulizifanya nini zile za ndani, mwanangu?" alimuuliza.

Mwongera alimwambia amezichoma.

Rahema aliuweka sawa mtandio kichwani. Kisha akainuka kwenda kumwita kaka yake.

Abubakar alikuwa na bucha pale Majengo. Aliwasomea watu waliopatwa na mambo kama haya na hakupokea malipo. Alikuwa mtu mnene, mpole, aliyefika Kianjai siku hiyohiyo alasiri akinuka sabuni, mikono ameisugua mpaka imepauka. Alimsalimia Kiende kwa heshima, akamwuliza kama yuko radhi asomewe Kurani, akijua ni Mkristo. Kiende alisema yuko radhi kwa lolote. Abubakar akamwambia Mwongera alete kibodi yoyote, kwa sababu mgeni huyu hana ulimi ila vidole, na anayetakiwa kuondoka lazima aambiwe na asikilizwe.

Mvua ilikuwa inakuja kutoka upande wa mlima, chumba cha mbele kikawa cheusi mchana. Mwongera aliweka kibodi bapa ya dukani, akaunganisha kompyuta, akamfungua mkewe viganja. Mikono ikaruka juu ya vibonye kama kuku waliofunguliwa.

Abubakar alisoma. Sauti yake ilikuwa ndogo, thabiti. Mikono ilipunguza mwendo, ikasubiri.

"Wewe ni nani?" aliuliza.

Kwenye skrini: "wa jamaldin".

"Jamaldin amekufa, Mungu amrehemu. Toka kwa huyu mama. Hana kosa na wewe."

"nilikuwa na nyumba fundi ameichoma".

Mwongera alisogea mbele. Hasira yote ya miezi ile ilimpanda. "Nilikutengenezea ingine," alisema. "Mpya. Nzuri kuliko ile. Kwa nini hukukaa?"

Vidole vilikaa juu bila kushuka kwa muda. Kisha: "mpya hazikuguswa na mtu ni baridi".

"Nenda nyikani," Abubakar alisema. "Ardhi ya Mungu ni pana."

"nyikani hakuna wa kunisemesha".

Abubakar aliguna, akionekana kwa mara ya kwanza kuwa na huzuni. Lakini akafunga macho akasoma tena, kwa nguvu, bila kukata pumzi, na mvua ikashuka juu ya mabati hata sauti yake ikawa inasikika kama iko chini ya maji. Mikono ya Kiende iliinuka kutoka kwenye kibodi. Ilianza kukunjika kwa nyuma, vidole vikirudi taratibu kuelekea mgongo wa kiganja mahali ambapo vidole haviendi, na Kiende akauma leso ili asipige kelele, na Abubakar akaendelea kwa sababu kuacha katikati ni kubaya kuliko kuanza, jasho linamdondoka kidevuni, udi umekuwa mzito kiasi cha kuonekana, na Mwongera akiwa ameyashika mabega ya mkewe alisikia, juu ya mvua, juu ya kisomo, kidole kidogo cha mkono wa kushoto kikivunjika kama kijiti cha kiberiti, na akaona kinachofuata nacho kinarudi nyuma, na akaona kwamba havitabaki.

"Mimi ndiye nimechoma," alisema. "Kama ni mikono, shika yangu."

"Nyamaza, kijana," Abubakar alisema, na alisema haraka sana, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Jini lilimwingia kupitia kucha. Halikuuma. Lilikuwa kama kutumbukiza mikono kwenye maji vuguvugu baada ya kushinda shambani kwa baridi ya Timau, na mbele yake mikono ya Kiende ikaanguka mapajani, imevimba, imepinda, yake mwenyewe. Kiende aliiangalia akaanza kulia kwa sauti. Mikono ya Mwongera ilimwachia mabega. Hakuwa ameiambia imwachie.

Abubakar alikaa chini kwenye benchi la wateja. Alipangusa uso.

"Aliyejiingiza ningemtoa," alisema. "Uliyemkaribisha kwa mdomo wako, nitamwambia nini?"

Hata hivyo alijaribu. Alikuja kila alipoweza, kwa wiki nyingi, akasoma, na jini lilimsikiliza kwa adabu na halikwenda. Aliposhindwa ndipo Rahema alipoleta shauri: itafutwe kibodi nyingine ya umri ule, ambayo watu wameigusa miaka mingi, ijengwe, pengine litahamia. Wakatafuta. Mwongera aliulizia kwenye ofisi, kwenye stoo za shule, kwa wauza vyuma chakavu. Moja waliipata Timau, chini ya madawati yaliyovunjika, vibonye vimelainishwa na vidole vya watoto wa miaka mingi hata herufi zimefutika.

Ilikuwa mbovu, sponji zimeoza kama zile. Lakini safari hii Mwongera hakuchoma kitu. Aliketi mezani akaiacha mikono ifanye. Haikuwa inafanya kazi kwa namna yake: ilikuwa na kasi kuliko yeye, na usahihi ambao hakuwahi kuwa nao, ikakata sponji mpya nyembamba kama karatasi, ikazibandika kwenye springi za zamani, ikasugua kutu, na yeye alikaa hapo nyuma yake kama mteja anayesubiri. Kibodi ilipokamilika, mikono iliijaribu, kibonye hadi kibonye, kwa utaratibu. Kiende alikuwa ameketi kando, kidole chake kimefungwa kijiti.

Mikono ikachukua bisibisi ikaanza kuifungua upya.

Tangu hapo ndivyo ilivyo. Inaijenga, inaijaribu, inaibomoa. Mwongera hukasirika, huiambia mikono yake kwamba hakuna kilichobaki cha kurekebisha, kwamba yeye ni fundi na anajua kitu kizima akikiona. Mikono humjibu juu ya meza, na Kiende humsomea: bado. Kazi za wateja inazifanya vizuri, na watu wanatoka hata Muthara kumletea vitu, wakisema hajawahi kuwa fundi hodari hivi. Kiende amerudia kazi yake kidogokidogo, kwa maumivu yake ya zamani na kidole kilichopona kikiwa kimepinda. Akishindwa na vifungo vya sweta, humwita jirani. Hamwiti mumewe.

Maxine amerudi nyumbani. Alielezwa kadiri mtoto anavyoweza kuelezwa. Akitoka shule jioni haji tena mbele ya baba yake. Huzunguka meza, hupita nyuma ya kiti, humkumbatia shingoni kutoka huko na kuweka shavu lake mgongoni pake. Mwongera huwa ameshamsikia tangu barabarani. Mtoto afikapo mlangoni, baba huwa ameichomeka mikono yake chini ya mapaja, na hapo huikalia, kwa uzito wake wote, mpaka Maxine amwachilie.